Nishati Iliyomo Ndani ya Kapasita: Inavyohifadhiwa, Inavyokokotolewa na Inavyotolewa kwa Usalama

Kapasita ya pangaboi, ya pampu ya maji, ya kiyoyozi na ya mashine ya kuchomelea zote zina kanuni moja na hesabu moja. Anayeijua hesabu hiyo hutambua, kabla hajagusa kitu, kama kopo lililo mbele yake lina umeme wa kumshtua tu au wa kumwangusha. Hutambua pia kama kapasita anayouziwa itafanya kazi aliyoikusudia. Mwongozo huu umeandikwa kwa kufuata mazingira ya Mombasa: stima ya volti 240 yenye mizunguko 50 kwa sekunde, joto la kaskazi, na hewa ya chumvi inayokula kila chuma.

Shika jambo moja tangu mwanzo: volti ndiyo inayotawala. Ukubwa wa kapasita ukiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara mbili. Volti zikiongezeka mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Ajali nyingi za karakana humpata mtu aliyesoma mikrofaradi (kipimo cha ukubwa wa kapasita, sehemu ya milioni ya faradi) akaona ni chache, asiangalie volti.

Kinachotokea ndani

Kapasita ni mabamba mawili yanayopitisha umeme, yakiwa yametenganishwa na kihami chembamba. Ukiiunganisha na betri, elektroni hutolewa kwenye bamba moja na kusukumwa kwenye la pili. Kuvuka kihami haziwezi, basi hurundikana. Ukijumlisha chaji ya kapasita nzima bado ni sifuri, maana kilichozidi upande mmoja ndicho kilichopungua upande mwingine. Kati ya pande hizo mbili hutanda uga wa umeme, na nishati imo ndani ya uga huo, katika unene wa kihami chenyewe. Kwa hiyo ubora wa kapasita ni ubora wa kihami chake, na kapasita ikifa mara nyingi kilichokufa ni kihami au kile kinachokigusa.

Ukubwa wa kapasita hupatikana hivi:

C = 8.854 × 10⁻¹² × εr × A ÷ d

A ni eneo la bamba moja kwa mita za mraba, d ni unene wa kihami kwa mita, na εr ni namba ya kihami. Hewa ni takribani 1, plastiki ya polipropilini 2.2, oksidi ya alumini kama 9. Chukua karatasi mbili za alumini za jikoni zenye ukubwa wa A4, weka kati yake plastiki ya polipropilini ya unene wa milimita 0.1. Eneo ni mita za mraba 0.0624, na jibu ni kama nanofaradi 12 (nanofaradi 1,000 ni mikrofaradi moja). Kapasita ya pangaboi ya mikrofaradi 2.5 ingehitaji zaidi ya mabamba 200 ya namna hiyo. Viwanda hukwepa shida hiyo kwa kutumia utando mwembamba sana wa plastiki uliopakwa chuma, kisha kuuzungusha kama mkeka uliokunjwa.

Kapasita za elektrolaiti, yale makopo yenye alama ya hasi ubavuni, zimeenda mbali zaidi. Kihami chake ni ngozi ya oksidi iliyooteshwa juu ya alumini, na hata kwenye kapasita ya volti 400 unene wake haufiki elfu moja ya milimita. Ngozi hiyo huvumilia umeme wa upande mmoja tu. Ukigeuza chanya na hasi inaanza kuvunjika, gesi inajaa, na kopo linapasuka. Hii ndiyo sababu ya kutowahi kuweka elektrolaiti ya kawaida mahali pa kapasita ya pampu au ya pangaboi, hata kama mikrofaradi na volti zinalingana. Umeme wa AC, yaani ule wa ukutani unaobadili upande, huigeuza mara 100 kwa sekunde.

Hesabu yenyewe na ile nusu

Chaji iliyomo ni Q = C × V. Nishati ni:

E = ½ × C × V²

E hupimwa kwa jouli, C kwa faradi, V kwa volti. Watu huuliza nusu imetoka wapi. Kapasita tupu ina volti sifuri, kwa hiyo chaji ya kwanza huingia bila kupingwa na chochote. Kila chaji inayofuata hukuta volti zimepanda kidogo, na ya mwisho husukumwa dhidi ya volti zote. Wastani wa volti wakati wa kujaza ni nusu ya volti za mwisho, na kazi iliyofanyika ni Q × V ÷ 2. Weka C × V mahali pa Q, umepata kanuni.

Lipo deni jingine ambalo wengi hawalijui. Ukijaza kapasita kutoka chanzo cha volti zisizobadilika kupitia rezista (kipande kinachozuia mkondo), nusu ya nishati iliyotoka kwenye chanzo hupotea kama joto la rezista, iwe kubwa au ndogo. Rezista kubwa hurefusha muda, haipunguzi hasara. Vivyo hivyo ukiunganisha kapasita ya mikrofaradi 100 iliyojaa volti 300 na nyingine kama hiyo iliyo tupu: zote mbili zitatulia volti 150, na jouli 4.5 za mwanzo zitabaki 2.25. Zilizopotea zimekwenda kwenye cheche na joto la waya.

Makosa ya tarakimu hutokea kwenye mikrofaradi. Badala ya kuandika sifuri nyingi kwenye simu, tumia njia hii ya mkato: chukua mikrofaradi kama zilivyo, zidisha kwa volti, zidisha tena kwa volti, kisha gawanya kwa 2,000,000. Jibu ni jouli. Kwenye kapasita za zamani utaona MFD. Maana yake ni mikrofaradi. Kwenye kapasita ndogo za rangi ya udongo utaona namba kama 104: tarakimu mbili za kwanza ni namba, ya tatu ni idadi ya sifuri, na jibu ni pikofaradi. Basi 104 ni pikofaradi 100,000, yaani nanofaradi 100.

Volti zipi za kuweka kwenye hesabu

Volti zilizoandikwa kwenye kopo si volti zilizomo. Ni kikomo cha uvumilivu. Kapasita ya mikrofaradi 100 na volti 450 ndani ya pawasapulai (sehemu inayogeuza stima kuwa umeme wa kifaa) ya televisheni isiyo na saketi ya kupandisha volti hukaa karibu na volti 339, ambazo ni kilele cha stima ya 240 (240 × 1.414). Ina jouli 5.8. Ukikokotoa kwa 450 utapata 10.1. Kwa usalama si vibaya kukisia juu, lakini kwa kubuni saketi utajidanganya.

Kwa kapasita iliyo kwenye umeme wa AC kuna urahisi. Kilele ni volti za mita mara mzizi wa pili wa 2, na ukikipandisha kwa mraba ile nusu inafutika. Nishati ya juu kabisa ni E = C × V², ambapo V ni volti zinazosomwa na mita. Kapasita ya pangaboi ya mikrofaradi 2.5 ikipata volti 240 hufikia jouli 0.144. Ya pampu ya mikrofaradi 12 hufikia 0.69.

Lakini usikomee hapo. Kapasita ya mota inafuatana na koili, na viwili hivyo vikiwa pamoja volti za kapasita hupanda juu ya zile za stima. Ndiyo maana kopo limeandikwa 400 au 450 ilhali ukutani ni 240. Kapasita ya kiyoyozi ya mikrofaradi 45 ikisoma volti 370 wakati kompresa inazunguka, kilele cha nishati ni jouli 6.2, si 2.6.

Nishati hiyo huingia na kutoka mara 100 kila sekunde. Haimsaidii mwenye nyumba kupata “nguvu ya ziada”. Kazi ya kapasita hapo ni kuwahisha mkondo wa koili ya pili ili mota ipate mzunguko wa sumaku. Anayebadilisha 2.5 kwa 3.5 ili pangaboi liende kasi anaisukumia koili mkondo ambao haikuundiwa, na koili hulipa kwa joto.

Vifaa vya kawaida, kwa jouli

Pawasapulai ya kompyuta ya zamani ina kapasita mbili za mikrofaradi 470 na volti 200, zimefuatana moja baada ya nyingine. Pamoja ni mikrofaradi 235, na kwa volti 339 ni jouli 13.5. Za kisasa huwa na moja ya mikrofaradi 330 inayokaa volti 390: jouli 25.

Mashine ndogo ya kuchomelea ya inverta yenye kapasita nne za mikrofaradi 470 sambamba (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi) ina mikrofaradi 1,880. Kwa volti 339 ni jouli 108. Nishati hiyo inatosha kuinua ndoo ya lita 10 za maji zaidi ya mita moja, na kapasita huweza kuitoa yote kwa kufumba na kufumbua. Kwa mashine hizi hakuna mzaha.

Maikrowevu ina mikrofaradi moja tu, lakini volti zake hufika kama 2,800. Hesabu inatoa jouli 4 hivi, namba inayoonekana ndogo. Isikudanganye. Volti kama hizo hupenya ngozi bila kizuizi, na transfoma iliyo nyuma yake ikiwa na stima inaua. Kapasita nyingi za maikrowevu zina rezista ya ndani ya kujitoa umeme, lakini rezista hiyo ikikatika huwezi kuiona kwa nje. Ushauri wetu ni huu: kama hukufundishwa kazi ya volti za juu, usifungue maikrowevu kabisa. Hatua za kutoa umeme zilizo hapa chini hazikuandikwa kwa ajili yake.

Kanuni tunayoifuata mezani: kapasita yoyote iliyozidi volti 60 haiguswi kabla ya kupimwa, na iliyozidi jouli 10 haitolewi umeme bila rezista, glavu na miwani.

Kutoa umeme, hatua kwa hatua

Kifaa cha kutolea umeme hakiuzwi kwa bei kubwa, na ni afadhali ujitengenezee. Utahitaji rezista ya saruji ya kiloohm 10 na wati 10, waya mbili laini za urefu wa sentimita 40 zenye ngozi ya kuhimili volti 600, na klipu mbili za mamba zilizofunikwa. Unganisha waya kwa risasi kwenye miguu ya rezista, funika kila kiungo kwa mrija wa kusinyaa, kisha ifunge rezista ndani ya kipande cha bomba la plastiki kilichotobolewa ili joto litoke. Usitumie rezista ndogo za robo wati. Nyingi hazihimili zaidi ya volti 250, hata kabla hujafikiria joto.

1. Chomoa kifaa ukutani. Kama ni kiyoyozi au pampu iliyofungwa moja kwa moja, zima swichi kuu, ifunge au mweke mtu asiiwashe, kisha pima kuhakikisha stima haipo.

2. Jaribu mita kwenye kitu unachojua kina umeme, mfano betri. Mita iliyokufa husoma sifuri kila mahali.

3. Weka mita kwenye volti za DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri), kiwango cha 600 au 1,000. Hili linawaangusha wengi: kapasita iliyotolewa kwenye saketi ya AC inabaki na umeme wa DC. Mita ikiwa upande wa AC itakuonyesha sifuri huku kopo limejaa.

4. Pima kwenye miguu ya kapasita, mkono mmoja ukiwa mfukoni au mgongoni. Andika volti ulizopata.

5. Bana klipu moja, kisha ya pili, bila kugusa chuma.

6. Subiri. Muda ni R × C: ohm mara faradi hutoa sekunde. Baada ya kipindi kimoja cha R × C volti hubaki asilimia 37, baada ya vipindi vitano chini ya asilimia moja. Kwa mikrofaradi 470 na kiloohm 10, kipindi ni sekunde 4.7, basi subiri sekunde 24. Kwa ile mashine ya kuchomelea yenye mikrofaradi 1,880, subiri sekunde 94.

7. Pima tena. Ikiwa chini ya volti 5, funga miguu kwa waya mfupi na uuache hapo muda wote wa kazi.

Waya wa hatua ya 7 una sababu. Kihami hakiachii nishati yote mara moja; kilichobaki ndani yake hurudi polepole kwenye mabamba. Kapasita kubwa uliyoiacha sifuri inaweza kukutwa baadaye na volti kadhaa au makumi, bila kuunganishwa na kitu.

Kufunga miguu kwa bisibisi badala ya rezista ni tabia tunayoipinga. Kwenye jouli 100 ncha ya bisibisi huyeyuka na chembe za chuma cha moto huruka usoni. Kwenye kapasita za utando, mshindo wa mkondo hung’oa miunganisho ya ndani, na kapasita iliyokuwa nzima inarudi kazini ikiwa mbovu.

Kuna hali moja ambayo hukamata hata mzoefu. Kwenye pangaboi au pampu nzima, kapasita hujitoa umeme yenyewe kupitia koili mbili za mota mara stima inapozimwa. Koili ikikatika, njia hiyo haipo tena. Kwa hiyo mota iliyokufa ndiyo yenye uwezekano mkubwa wa kuwa na kapasita iliyojaa, na mota iliyokufa ndiyo fundi anayoitiwa.

Kupima kama bado ni nzima

Baada ya kutoa umeme, chomoa waya angalau upande mmoja, weka mita kwenye alama ya kapasita na usome. Kopo la kapasita ya mota huandikwa ±5% au ±10%. Ya pangaboi ya 2.5 ikisoma chini ya 2.25, ibadilishe. Utando ukipata tundu dogo, chuma kilicho karibu na tundu hufukizwa na kapasita hujiponya, lakini kila kuponywa kunapunguza eneo la bamba. Ndiyo maana hizi hufa polepole, na pangaboi hupungua kasi msimu hata msimu bila kusimama.

Mita ya mkononi hupima kwa volti ndogo, kwa hiyo kapasita mbovu inaweza kuonekana nzima mezani na kuanguka ikiwa kazini. Kipimo cha kweli ni kuipima mota ikiwa inazunguka, kazi ya mwenye uzoefu wa kushika umeme ulio hai. Bana waya mmoja wa kapasita kwa mita ya kubana usome ampea, kisha pima volti za AC kwenye miguu ya kapasita:

C kwa mikrofaradi = 3,183 × ampea ÷ volti

Ampea 1.30 na volti 345 hutoa mikrofaradi 12.0. Ikiwa kopo limeandikwa 12 nawe umesoma ampea 1.05 kwa volti 330, jibu ni 10.1; imepungua karibu asilimia 16 na haifai. Video nyingi za Marekani hutumia 2,652 badala ya 3,183, kwa sababu stima yao ni mizunguko 60. Ukiifuata namba yao huku Mombasa, kila kapasita nzima utaihukumu kuwa imechoka.

Kufuatanisha na kuweka sambamba

Sambamba, mikrofaradi hujumlishwa na kikomo cha volti ni kile cha kapasita dhaifu kuliko zote. Kwa mfululizo, mbili zinazolingana hutoa nusu ya mikrofaradi na volti mara mbili. Kwa vyovyote vile nishati ya jumla ni ile ya kila moja ukiijumlisha. Mpangilio hauongezi hata jouli moja.

Mfululizo wa elektrolaiti huhitaji rezista za kusawazisha, kwa kuwa inayovuja zaidi hupata volti chache na mwenzake hubeba mzigo hadi apasuke. Kiloohm 150 za nusu wati, moja juu ya kila kapasita, ni kiasi cha kawaida kwa mbili za mikrofaradi 470. Rezista hizo ndizo pia zinazotoa umeme kifaa kikichomolewa. Kipindi chake ni sekunde 70, vipindi vitano ni karibu dakika 6. Kwa hiyo kusubiri “dakika moja mbili” kabla ya kufungua pawasapulai hakutoshi.

Kapasita ya faradi moja kwenye matatu

Mafundi wa muziki wa matatu huuza kapasita ya faradi 1 kwa ahadi kwamba itaondoa kuzimika kwa taa mdundo unapopiga. Tuipime ahadi hiyo. Kwa volti 14, faradi 1 ina jouli 98. Lakini amplifaya haiwezi kuzitumia zote, maana volti zikishuka chini ya 12 betri yenyewe ndiyo inayobeba mzigo. Zinazotumika kati ya volti 14 na 12 ni:

½ × 1 × (14² − 12²) = jouli 26

Amplifaya inayovuta wati 1,000 huzimaliza kwa sekunde 0.026. Besi ya mizunguko 50 kwa sekunde huchukua sekunde 0.020 kwa mzunguko mmoja. Kwa hiyo kapasita inalainisha pigo moja, basi. Taa zikififia kwa nusu sekunde nzima, tatizo ni waya mwembamba, kiungo cha ardhi kilichoshika kutu au oltaneta ndogo. Betri ya volti 12 na ampea-saa 70 ina jouli zaidi ya milioni 3. Haiwezi kuokolewa na 26.

Ukiifunga, usiiunganishe ikiwa tupu moja kwa moja na betri. Upinzani wake wa ndani ni mdogo mno na mkondo wa mwanzo hufika mamia ya ampea, hata zaidi. Ijaze kwanza kupitia balbu ya gari ya wati 21: balbu itawaka, itafifia, na ikizima kabisa ndipo ufunge waya mkubwa. Vua pete na saa ya chuma.

Kubuni: ruta isizimike wakati wa kubadili stima

Stima ikikatika na inverta ikachelewa sekunde 0.020 kuingia, ruta hujizima na kuanza upya. Ruta yetu ya mfano ni volti 12, wati 12, na inavumilia kushuka hadi volti 10.

Inayohitajika ni 12 × 0.020 = jouli 0.24. Ukiweka kapasita moja kwa moja kwenye laini, zinazotumika ni ½ × C × (144 − 100) = 22 × C, na C ni mikrofaradi 10,900. Ila adapta ikikutana na kapasita tupu ya ukubwa huo huiona kama shoti na kujizima. Basi weka rezista ya ohm 47 na wati 2 kati ya laini na chanya ya kapasita, na juu ya rezista hiyo weka daiodi (kipande kinachopitisha mkondo upande mmoja tu) ya aina ya Schottky ya ampea 3, anodi (mguu wa kuingilia mkondo) ikiwa upande wa kapasita na katodi (mguu wa kutokea) upande wa ruta. Kapasita hujaa polepole kupitia rezista, hutoa haraka kupitia daiodi. Mkondo wa kujaza hauzidi ampea 0.26, kwa hiyo adapta iwe ya ampea 1.5 au 2.

Daiodi inakula kama volti 0.4. Sasa kapasita inaruhusiwa kushuka hadi 10.4 tu, na inalipa pia joto la daiodi, takribani wati 0.45. Nishati inayohitajika ni jouli 0.249, inayotumika ni 17.9 × C, na C ni mikrofaradi 13,900. Elektrolaiti huruhusiwa kupungua asilimia 20, hivyo gawanya kwa 0.8 upate 17,400. Saizi inayopatikana juu yake ni mikrofaradi 22,000, volti 25. Kwa ohm 47 itajaa kwa sekunde 5 hivi.

Kwa sekunde kadhaa badala ya elfu za sekunde, hamia kwenye superkapasita, yaani kapasita za faradi nyingi na volti chache. Sita za faradi 10 na volti 2.7, zikifuatana na kusawazishwa, hutoa faradi 1.67 na kikomo cha volti 16. Kati ya 12 na 10 zinatoa jouli 37, kama sekunde 3 za ruta hiyo. Ukiongeza kigeuzi cha kupandisha volti kinachofanya kazi hadi 6, unapata robo tatu ya nishati yote, jouli 90, kabla ya hasara za kigeuzi chenyewe.

Kununua kwa hali ya hewa ya Pwani

Elektrolaiti hufa kwa kukauka, na joto ndilo linaloikausha. Kwa kanuni ya wahandisi, maisha huongezeka mara mbili kwa kila nyuzi 10 unazoshuka chini ya joto lililoandikwa. Ndani ya boksi la pawasapulai, msimu wa kaskazi, nyuzi 65 si ajabu. Kapasita ya nyuzi 85 na saa 2,000 hapo itadumu saa 8,000, chini ya mwaka mmoja ikiwa inawaka usiku na mchana. Ya nyuzi 105 na saa hizo hizo itadumu 32,000, zaidi ya miaka mitatu na nusu. Tofauti ya bei ni ndogo. Usikubali ya 85.

Kwenye kopo la kapasita ya mota tafuta namba tatu kama 25/70/21. Ya kwanza ni baridi inayovumilia chini ya sifuri, isiyotuhusu. Ya pili ni joto la juu kabisa, na ya tatu ni siku ilizojaribiwa kwenye joto lenye unyevu. Kwa kiyoyozi kilicho kwenye ukuta wa jua, chagua 85 badala ya 70. Herufi ya daraja nayo ina maana: A ni saa 30,000, B saa 10,000, C saa 3,000, D saa 1,000. Kopo moja huweza kuandikwa 400 V B na 450 V C, yaani kapasita ile ile hudumu zaidi kwa volti pungufu. Muuzaji akikupa isiyo na herufi wala namba hizo, huna cha kukokotolea maisha yake.

Chumvi ya bahari hushambulia vishikizo kabla ya kapasita yenyewe. Nyali, Bamburi, Likoni, popote upepo wa bahari unapofika, kishikizo cha bati kikishika ukungu wa kijani au mweupe hupata joto, na joto hilo huingia kwenye mguu wa kapasita. Sugua mguu kwa msasa laini, badilisha kishikizo kilicholegea badala ya kukibana tena kwa koleo, na paka grisi ya silikoni juu ya kiungo kikiwa tayari kimeshika, si kabla.